Matairi ya lami na changarawe: nimeyapanga kuanzia la kununua hadi la kuliacha dukani

Watu wengi wanaotafuta matairi ya pikipiki inayopita lami na changarawe huanza na picha. Wanaona kashata kubwa, yaani vile vipande vya mpira vilivyochomoza usoni mwa tairi, zilizoachana kama meno ya mtoto, tope limeruka hadi kwenye kofia ya mwendeshaji, na mkono unaenda mfukoni. Miezi mitatu baadaye tairi la nyuma limeliwa katikati likawa bapa kama ubao, pikipiki haitaki kulala kwenye kona, na ukiuliza hiyo changarawe ilipitiwa mara ngapi, jibu ni Jumamosi mbili.

Nami nilianza hivyo hivyo, kwa hiyo simcheki mtu. Siku hizi nina kanuni moja, na mpangilio wote hapa chini umekaa juu yake: tairi la nyuma huchaguliwa na lami, la mbele huchaguliwa na changarawe. La nyuma ndilo linalosukuma na kubeba mzigo, na lami ndiyo inayolila. La mbele ndilo linaloongoza. La nyuma likiteleza kwenye kokoto, pikipiki inatikisa kiuno na wewe unaendelea na safari. La mbele likiteleza, mara nyingi unapata habari ukiwa tayari chini. Ukilikubali hilo, utaacha kutafuta tairi moja linaloweza kila kitu na utaanza kutafuta jozi.

Chini ya tairi kuna nini

Simama kwenye barabara ya changarawe uikwaruze kwa kisigino. Juu kuna kokoto zinazoviringika. Chini yake, sentimita moja au tano, kuna udongo ulioshindiliwa. Tairi la lami lina uso mpana na mifereji myembamba, kwa hiyo linapanda juu ya zile kokoto na kuelea, kama mtu anayetembea juu ya gololi. Tairi la kashata linazisukuma kokoto pembeni, zinaingia kwenye nafasi kati ya kashata, na ncha ya mpira inagusa udongo mgumu. Mshiko unatoka pale.

Ndiyo maana tairi la mbele la pikipiki za vumbi ni jembamba na refu, mara nyingi inchi 21. Wembamba unakata. Ukichukua pikipiki yenye gurudumu la mbele la inchi 19 au 17, lenye tairi pana zaidi, utaona inatangatanga kwenye changarawe nene hata kama kashata ni zilezile.

Sasa rudi kwenye lami. Zile kashata ndefu zilizokata kokoto ndizo zinazokunjika ukifunga breki. Mpira unaogusa barabara ni mchache, kila kashata inabeba mzigo mkubwa, inapata joto na kuliwa. Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele la kashata lililotembea kilomita elfu kadhaa za lami: ukienda upande mmoja linateleza laini, ukirudi upande wa pili linakukwaruza kama msumeno. Hiyo ni kazi ya breki. Kila kashata imeliwa ukingo mmoja kuliko mwingine, na ndiyo inayoleta ule mngurumo na mtetemo unaousikia kwenye usukani ukipunguza mwendo.

Zile asilimia

Utakutana na 90/10, 80/20, 50/50, 40/60. Namba ya kwanza ni lami, ya pili ni nje ya lami. Hakuna kipimo kimoja kinachotumika na wote. Kila kampuni inajipa namba yenyewe, na 50/50 ya mmoja yaweza kuwa 70/30 ya mwingine. Kosa la pili ni kudhani namba hiyo inahusu hesabu ya safari zako. Mtu anayetembea sehemu nane kati ya kumi kwenye lami, lakini zile mbili zilizobaki ni mteremko wenye kokoto nene na korongo kushoto, anahitaji mbele ya 50/50 bila mjadala. Anayetembea nusu kwa nusu, lakini changarawe yake ni ngumu, kavu na imesawazishwa, atafika salama na 80/20.

Mimi namba hizo nazisoma mara moja kisha natumia kidole gumba. Kikiingia chote kati ya kashata mbili hadi chini, hilo ni tairi la vumbi lililoruhusiwa kupita lami. Kikiingia ncha tu, ni tairi la kati. Kisipoingia, ni tairi la lami lililovaa nguo za safari, hata kama mwandiko wa ubavuni unasema vingine. Halafu naangalia katikati ya tairi la nyuma: kama kuna ukanda wa mpira usiokatika unaozunguka gurudumu lote, najua litaishi sana kwenye lami na litanisaliti kwenye tope.

Soma ubavu kabla ya kusoma bei

Tuseme umeandikwa 150/70R18 70V. Upana milimita 150. Kimo ni asilimia 70 ya upana huo. R ni redieli, yaani nyuzi za ndani zimepita kutoka ukingo hadi ukingo kwa mkato wa moja kwa moja. Rimu ni inchi 18. 70 ni alama ya uzito, kilo 335. V ni mwendo, hadi kilomita 240 kwa saa. Tairi la mbele la 90/90-21 54Q linabeba kilo 212 na mwendo wake ni 160. Ile alama ndogo ya kistari kabla ya 21 inakuambia ni baiasi, nyuzi zilizopishana kwa mshazari. Baiasi huwa na ubavu mgumu unaovumilia mawe. Redieli hukaa vizuri zaidi kwenye lami ya kasi na halipati joto upesi. Usishangae kukuta kampuni inauza jozi ambayo la mbele ni baiasi na la nyuma redieli, hasa kwenye saizi ya inchi 21. Kinyume chake, redieli mbele na baiasi nyuma, usikifanye.

Q inawaponza watu. Matairi mengi ya kashata kubwa yanaishia Q, na pikipiki kubwa inapita 160 bila kutoa jasho. Ukijaza mabegi, ukambeba mwenzako na kuvuta mafuta kwenye barabara kuu wakati wa joto, unaweza kuchana kashata zikatoka vipande vipande.

Tafuta pia TL au TT. TL ni tyublesi, yaani halihitaji tyubu ndani; TT linahitaji tyubu. Tairi la TL unaweza kulitia tyubu kwenye rimu za spoki; tairi la TT kwenye rimu ya tyublesi bila tyubu ni kujitafutia pancha ya ghafla.

Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT; hizo ni tarehe ya kutengenezwa. 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Hapa nina kisa. Niliwahi kununua jozi iliyokuwa inang'aa, imefungwa karatasi, vinywele vya mpira bado vimesimama. Muuzaji alinipunguzia bei bila hata kuombwa, na mimi badala ya kushtuka nikashukuru. Siku ya kwanza ya mvua, kwenye mzunguko wa barabara, nikiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, tairi la nyuma likaondoka kana kwamba kuna sabuni. Nilipochuchumaa kusoma tarehe, lilikuwa na miaka saba. Nikabonyeza kashata kwa ukucha, haikuacha hata alama. Mpira hukauka hata ukikaa ghalani, na tairi lisilotumika halibaki changa. Miaka miwili au mitatu naikubali kama limehifadhiwa kivulini. Likifika mitano naliacha palepale, liwe la bei gani.

Mpangilio wangu

Nimeupanga kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya kilomita zake ni lami, lakini changarawe ni ya kila wiki na hana njia ya kuikwepa. Kama wewe ni wa vumbi tu au wa lami tu, mpangilio utageuka.

*La kwanza: jozi ya mchanganyiko, Continental TKC 80 mbele na Heidenau K60 Scout nyuma.*

Ndoa hii haikubuniwa na kampuni yoyote. Imezaliwa barabarani na waendesha pikipiki za safari ndefu wameifunga wenyewe miaka mingi. TKC 80 ni tairi la kashata za mraba zilizoachana vizuri, lenye mpira laini kuliko linavyoonekana. Likiwa mbele, changarawe inakuwa barabara ya kawaida: unageuza, linageuka. Kwenye lami linashika kwa namna inayowashangaza wanaoliona kwa mara ya kwanza, mradi usifunge breki kama uko kwenye mashindano. Ulaini huohuo ndio unaoliua likiwa nyuma. Kwenye pikipiki nzito yenye nguvu, TKC 80 la nyuma kufikisha kilomita 5,000 ni jambo la kusimulia. Mbele huishi karibu maradufu ya hapo, kwa sababu halisukumi.

K60 Scout ni la Kijerumani na lina tabia ya punda: halina haraka, halichoki. Mpira wake ni mgumu, kashata zimekaa kwa umbo la mshale, na kwenye baadhi ya saizi za nyuma kuna ule ukanda wa katikati usiokatika. Kwa pikipiki kubwa, kupita kilomita 10,000 ni kawaida yake. Utalipia mahali pawili. Lami iliyolowa wakati wa baridi inataka mkono mwepesi, na kwenye tope saizi zenye ukanda huteleza upande kama mtu aliyevaa kandambili. Kwenye changarawe kavu ukanda hauna madhara makubwa, maana la nyuma likiyumba kidogo unalisahihisha kwa mafuta. Anayekutana na tope mara kwa mara aangalie K60 Ranger, ambalo limeachiwa nafasi zaidi kati ya kashata.

Kwa nini hii ni ya kwanza? Kwa sababu yanaisha karibu pamoja. Ukifunga TKC 80 mbele na nyuma, utabadilisha la nyuma wakati la mbele bado lipo. Ukifunga K60 mbele na nyuma, utaishi muda mrefu lakini mbele itakosa ukali kwenye kokoto nene. Kuoanisha kampuni mbili kunahitaji uangalifu: hakikisha saizi, alama ya uzito na ya mwendo zote zinatosha pikipiki yako, na kwamba sheria na bima unazofuata hazikatai.

*La pili: Mitas E-07, mbele na nyuma.*

Kama mchanganyiko unakutia wasiwasi, au fundi wako anakutazama vibaya ukitaja kampuni mbili, nunua hili na usahau mambo ya matairi kwa muda mrefu. Mitas ni jina lenye asili ya Kicheki, na E-07 ni tairi la 50/50 linaloishi kama 80/20. Kashata zake ni pana, zimelala kimshazari, hazilii sana kwenye lami. Lipo pia toleo la Dakar lenye mwili mgumu zaidi, unalitambua kwa mstari wa njano. Hilo ni la mwenye mzigo mkubwa na mawe makali. Kwenye pikipiki nyepesi ni gumu kupita kiasi na kulivua kwenye rimu ni mieleka. Nimelivua mara moja kando ya barabara, jua la saa saba, na chuma cha kubandulia kikapinda kabla ya tairi kukubali.

Udhaifu wa E-07 ni lami ya mvua. Halikuangushi, ila linakukumbusha.

*La tatu: Dunlop Trailmax Mission.*

Ubavu mgumu wenye kashata hadi pembeni, maisha marefu, na utulivu kwenye mwendo wa barabara kuu ambao matairi ya kashata kubwa hayana. Kwenye changarawe ngumu linakwenda kama treni. Kwenye kokoto nene mbele inaanza kuelea mapema kuliko TKC 80, na hapo ndipo linapopoteza nafasi ya kwanza kwangu. Mwenye pikipiki nzito na mabegi matatu anaweza kulipandisha hadi juu na sitabishana naye.

*La nne: kundi la redieli za safari, yaani Pirelli Scorpion Rally STR, Metzeler Karoo 4, Michelin Anakee Wild.*

Nayaweka pamoja kwa sababu anayechagua kati yake kwa kawaida anachagua kinachopatikana. Ni matairi mazuri. Scorpion Rally STR ndilo linalotoka kiwandani na pikipiki ya Yamaha Ténéré 700, na kati ya hayo ndilo lililoelekea lami zaidi: linalala kwenye kona kwa upole na halina mngurumo mwingi. Anakee Wild limeelekea vumbi, kashata zake ni ndefu, mbele linakata vizuri. Karoo 4 liko katikati. Mbona ni ya nne basi? Maisha. Kwa nyuma, chini ya mashine yenye nguvu, hayavumilii kilomita za lami kama yale matatu ya juu. Kwa mbele pekee, Anakee Wild linaweza kukaa mahali pa TKC 80 na ndoa ikaendelea.

*La tano: 80/20, yaani Michelin Anakee Adventure na Shinko 705.*

Hapa tumeingia kwa watu ambao changarawe yao ni njia ya kufikia lami. Anakee Adventure kwenye lami ya mvua linayapita yote niliyotaja. Shinko 705, linalotengenezwa Korea Kusini, ni la mwenye mfuko mwembamba, na kwa pesa inayotoka linarudisha zaidi ya haki yake. Kwenye changarawe kavu iliyoshindiliwa yote mawili yanafanya kazi, ila punguza mwendo kabla ya kona, maana ukishaingia humo la mbele halina la kukusaidia. Tope likianza, mifereji inajaa ndani ya mita kumi na unabaki na mpira uliopakwa udongo.

*La sita: kashata halisi zenye ruhusa ya barabara, kama Pirelli MT 21, Mitas E-09 na Dunlop D606.*

Raha tupu kwenye vumbi. Kwa kazi tuliyoisema ni anasa: zinalia, zinatetemesha usukani, zinaliwa haraka. Mwenye pikipiki nyepesi anayetembea lami kidogo azipandishe mpaka namba mbili. Mwenye pikipiki ya zaidi ya kilo 200 atazila kwa safari moja ndefu.

*La mwisho, na hayo yaache dukani: tairi la 90/10, na tairi la motokrosi, yaani la mbio za pikipiki kwenye udongo.*

La kwanza ni tairi la lami kwa kila hali. La pili mara nyingi lina herufi NHS ubavuni, maana yake halikutengenezwa kwa barabara za umma. Halikutengenezwa kwa mwendo wa barabara kuu, na likipata joto la lami linameguka.

Wenye pikipiki ndogo

Mengi niliyoyataja yanalenga mashine kubwa, na hata saizi zake zinaanzia huko. Mwenye cc 125 hadi 250, yenye 2.75-21 au 3.00-21 mbele na 4.10-18 au 120/80-18 nyuma, ana habari njema: uzito mdogo na nguvu kidogo havili mpira. Anaweza kuvaa kashata kubwa kuliko jirani yake mwenye cc 1,000 na bado zikadumu.

Kwa hao naanza na Kenda K270. Ni la muundo wa zamani, kashata za mraba zisizo na madoido, baiasi, la tyubu, na lina saizi nyingi za pikipiki ndogo. La pili ni Shinko 244, ambalo nalo halina sifa yoyote ya kujivunia isipokuwa kwamba linafanya kazi kila siku. IRC GP-21 na GP-22, ambazo Honda CRF250L imetoka nazo kiwandani, zimeelekea lami. Ukizikuta bado zina kashata usiharakishe kuzitupa, zitumie hadi ziishe ndipo ubadilishe.

Usiongeze upana ili pikipiki ionekane kubwa. Tairi pana la nyuma linaweza kugusa mnyororo au matope yakakwama kati yake na bawa la nyuma na kusimamisha gurudumu, na tairi pana mbele linaharibu ule ukataji tuliousema.

Tyubu na upepo

Tairi bora lenye upepo mbaya ni tairi baya. Upepo wa kitabu cha pikipiki umewekwa kwa ajili ya lami, na kwenye changarawe huo huo unalifanya tairi liwe gumu, lirukeruke juu ya kila jiwe. Ukipunguza kidogo, tairi linajitandaza, linayakumbatia mawe, na barabara iliyojikunja kama bati inakuwa ya kuvumilika. Kwa pikipiki kubwa inayotumia psi (kipimo cha upepo) 33 hadi 36 kwenye lami, mimi nashuka hadi 26 au 28 kwenye changarawe, na nikirudi lami najaza. Kwa pikipiki ndogo ambazo tayari zinatumia psi 22 au karibu na hapo, siteremshi sana. Pima tairi likiwa baridi, kabla ya safari. La moto litakudanganya.

Wenye tyubu wawe waangalifu zaidi kuliko wenye tyublesi. Ukishuka sana, rimu inapogonga jiwe inaibana tyubu katikati, na unapoitoa unaona matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo usitafute msumari, haupo. Ulikuwa na upepo mdogo. Na upepo ukiwa mdogo kupita kiasi, tairi linazunguka peke yake ndani ya rimu, linaiburuta tyubu na kung'oa shina la vali. Hapo hakuna kiraka cha kukusaidia, ni tyubu mpya.

Tyublesi ikitobolewa na msumari unaiziba kwa utepe wa mpira bila kuvua gurudumu, dakika kumi umeondoka. Kwa sababu hiyo peke yake, anayechagua pikipiki kwanza na matairi baadaye aangalie rimu. Wenye tyubu wanabeba tyubu ya akiba, na kuna ujanja wa wazee wa safari: beba ya inchi 21 ya mbele pekee. Ikilazimu inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18 na kukufikisha kwa fundi. Ya nyuma haiwezi kuingia mbele kwa raha.

Siku ya kufunga

Simama hapo fundi anapofanya kazi. Angalia mshale ubavuni, maana matairi mengi yana upande wa kuzungukia, na yapo machache, kama Motoz Tractionator GPS la nyuma, ambayo yametengenezwa kugeuzwa: upande mmoja kwa lami, wa pili kwa vumbi. Nukta ya rangi, kama ipo, kwa kawaida inaonyesha sehemu nyepesi ya tairi na inakaa karibu na vali. Tairi likishajazwa, zungusha gurudumu uutazame ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu. Mstari ukipanda na kushuka, tairi halijakaa. Litolewe upepo, lipakwe maji ya sabuni, lijazwe tena. Ukiliacha hivyo litakutikisa hadi siku ya kulibadilisha.

Tairi jipya na tyubu mpya. Tyubu ya zamani imeshavutika kufuata tairi la zamani, na ndani ya jipya inajikunja. Mkunjo ndio unaotoboka. Kabla ya kuirudisha, pitisha kidole kwenye mkanda wa rimu unaofunika vichwa vya spoki, kama umechanika ubadilishwe.

Kuna nati ndogo kwenye shina la vali ambayo mafundi wengi huibana hadi kwenye rimu. Mwombe aiache juu, karibu na kifuniko cha vali. Tyubu ikianza kusogea ndani ya tairi, vali italala upande na utaiona asubuhi kabla ya kuondoka, wakati bado unaweza kuirekebisha. Ikiwa imebanwa, itasimama wima hadi siku inapong'oka.

Na kilomita 100 hadi 200 za kwanza usiulaze sana mwili kwenye kona wala kuvuta breki kwa pupa. Uso wa tairi jipya unateleza mpaka ukwaruzwe kidogo na barabara, mbele na nyuma, katikati na pembeni.